Waonjaji wa Mama Kijiko

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa yule mama ni kijiko. Hata uso sikuwa nimeutazama vizuri. Niliona mkono ukizama kwenye mkoba, ukapekuapekua, ukatoka na kijiko kilichoviringishwa kwenye leso, kama daktari anayetoa kipimo.

"Mimi huonja kwa kijiko changu," akasema. "Vijiko vya watu vina ladha za watu."

Hapo ndipo ningepaswa kutimua mbio. Lakini nyumba ilikuwa yetu na aproni nilikuwa nimeivaa mimi. Ningekimbilia wapi?

Kwa aliyelikosa gazeti la wiki iliyopita, au aliyefungiwa samaki ndani yake kabla hajasoma, niliishia pale ambapo keki ya harusi ya ghorofa tatu iliteremka ngazi za hoteli peke yake, ikapita mapokezi bila kumsalimia mtu, ikatoka nje. Nami nikateremka nyuma yake, na kazi yangu nyuma yangu. Hoteli ile nilianza kwa kuosha sufuria, nikapanda nikawa namenya, nikapanda tena nikawa nakaanga. Siku niliyokabidhiwa keki ndiyo siku niliyorudi nyumbani na krimu kwenye nyusi.

Shangazi hakusikitika hata kidogo.

"Vizuri," akasema. "Sasa tufungue kampuni."

Shangazi ni dada yake baba, na ndiye aliyenilea. Mungu alinipa mimi mikono, akampa yeye maneno, pamoja na yale yaliyokuwa fungu langu. Mimi nina haya. Sisemi haya za kuinamisha macho mbele ya wakubwa; zangu ni ugonjwa kabisa. Mgeni akiniuliza jina, natikisa kichwa. Shule niliiacha darasa la tano kwa sababu mwalimu mpya alileta mtindo wa kutuita mbele ya ubao mmoja mmoja.

Kwa hiyo tuligawana kazi. Mimi napika, shangazi anasema. Akajiita mkurugenzi, akajinunulia miwani isiyo na nguvu yoyote, akaanza kutembea ofisi hadi ofisi akinitangaza.

Ndivyo alivyonifikisha kwa meneja wa ukumbi.

Ukumbi wenyewe ni wa sherehe kubwa kubwa, na nyuma yake kuna jiko. Jamani, jiko. Mafiga sita ya gesi yanayowaka kwa kubonyeza. Oveni ya milango miwili. Sinki ambalo ungeweza kumwogeshea ndama. Feni ya kuvuta moshi, na mimi miaka yote hiyo nilidhani moshi unavutwa na macho ya mpishi. Niligusa bomba la maji nikaliachia haraka, kama mtu aliyegusa mkono wa mume wa mtu.

Meneja alikuwa mtu mwembamba mwenye tai ndefu kuliko yeye.

"Natafuta mpishi wa kudumu," akasema. "Jiko liwe mikononi mwake, kila sherehe apike yeye. Lakini maneno matamu nimeshasikia mengi. Mwisho wa mwezi kuna harusi hapa. Mama wa bibi harusi nitamtuma kwenu aonje. Akikubali, pikeni. Nami nitakaa pembeni nile kama mgeni. Mgeni hata mmoja akitoka na njaa, msinikanyagie ngazi zangu tena. Wakishiba wote, ufunguo wa jiko huu hapa."

"Watashiba mpaka wabebwe," akasema shangazi.

Mimi nilikuwa natazama feni. Nililitaka jiko lile, lakini wa kusema alikuwapo, na alikuwa anasema.

Sasa, kuonja ni jambo la kawaida katika kazi hii. Mteja anakuja siku moja, anawekewa visahani vidogo vya kila kitu, anaonja, anasema hiki ndiyo, hiki hapana, anakwenda zake. Hotelini kisahani cha kuonja kilikuwa kama kiganja cha mtoto.

Yule mama wa kijiko alimaliza visahani vyote, akageuza kimoja kuona kama chini kuna kitu.

"Wali nimeuelewa," akasema. "Viazi nimevielewa. Mchuzi ndio kabisa, umenifika hapa." Akajigusa kooni. "Lakini mimi ni mtu mmoja, na harusi si ya mtu mmoja. Kesho kutwa nitamleta baba watoto."

Alipotoka, shangazi alipiga makofi. "Umeona? Amerudi kabla hata hajaondoka."

Tangu siku hiyo tukambatiza Mama Kijiko.

Baba watoto alikuja na dada yake, na dada yake akaja na shoga yake. Baba watoto alikuwa mtu wa maneno machache. Alikula kuku kimya, akapangusa mdomo, akakunja uso.

"Kuku sijamwelewa."

"Hujamwelewa wapi, baba?" akauliza shangazi.

"Sijamwelewa tu. Niongezeeni nimwelewe."

Tukamwongezea. Akamwelewa hadi mifupa. Kisha Mama Kijiko akarudisha kijiko kwenye leso na kusema kwamba upande wa bibi harusi sasa umeridhika, ila upande wa bwana harusi nao una ndimi zake.

Nilimfuata shangazi jikoni. Jikoni kwetu ni kibaraza cha nyuma, na majiko matatu ya mkaa na turubai juu.

"Shangazi, waambie basi. Kuonja ni mara moja."

"Waambie wewe."

"Mimi naona haya."

"Na mimi ni mkurugenzi. Mkurugenzi hafukuzi wateja."

"Hawajawa wateja. Wanakula tu."

"Wateja wote huanza kwa kula tu."

Upande wa bwana harusi ulikuja umejaa gari. Alikuwapo mama yake, mwanamke mkubwa mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Alikuwapo mjomba wake, mzee nadhifu aliyefiwa na mkewe zamani, masharubu yamechanwa moja moja. Wengine walikuwa waonjaji wa kawaida, hawakuwa na vyeo, walikuwa na sahani.

Mjomba aliuonja mchuzi, akafumba macho.

"Nani ameshika mwiko huu?" akauliza taratibu.

"Sisi," akajibu shangazi, akavua miwani.

Kuanzia hapo nikajua nimekwisha. Siku ya pili yake nilimkuta shangazi anakata vitunguu akiwa amevaa hereni.

"Hereni za nini, shangazi?"

"Kata karoti wewe."

Kila mara upande wa bwana harusi uliposema haujaelewa kitu, shangazi aliwaambia warudi, mradi wasimsahau mjomba, kwa sababu mjomba ana ulimi wa kitaalamu. Nami nikawa nabadilisha sufuria. Ya kwanza ilikuwa ya kupikia chai. Ya mwisho nilikuwa naisukuma kwa goti.

Nilijipa moyo. Nilisema, acha waonje, harusi ikifika watakuwa wanakifahamu chakula kuliko mimi, meneja ataona wote wameshiba, ufunguo utakuja. Usiku nilikuwa nalala nikibonyeza mafiga sita ndotoni.

Kisha ikaja chumvi.

Siku hiyo pande zote mbili zilikutana kwetu. Mama Kijiko alichota mchuzi, akaulamba, akasema, "Leo chumvi imezidi."

Mama wa bwana harusi alichota kwenye bakuli lile lile. "Chumvi gani? Hapa chumvi haijapita hata njiani."

"Kwetu tunakula chakula, dada. Hatulambi bahari."

"Na kwetu tunakula chakula. Hatuli maji ya kunawia."

"Mwanangu siwezi kumwoza kwenye pipa la chumvi."

"Na wangu hataishi kwenye nyumba ya wagonjwa."

Baba watoto aliinua kidole akasema viazi yeye bado hajavielewa vizuri, lakini hakuna aliyemsikiliza. Bibi harusi na bwana harusi walikuwa wamekaa mwisho wa benchi, wamesogeleana kama vifaranga mvua ikinyesha. Mama Kijiko akafunga kijiko. Mama wa bwana harusi akavaa viatu. Harusi ikavunjika pale pale, juu ya sahani yangu ya viazi.

Walipotoka nilikaa juu ya gunia la mkaa. Hakuna harusi, hakuna meneja wa kula pembeni, hakuna ufunguo. Machozi yakanijia, nikageuka nisiyaangushie kwenye mchuzi, maana kesi ya chumvi ilikuwa inatosha.

Shangazi alikuwa analia pia. "Na hata sikumuuliza anakaa wapi," akasema. Alikuwa anamlilia mjomba.

Hakulia sana. Jioni mjomba mwenyewe alipiga simu. Amewabembeleza akina mama wote wawili, wamekubali kuonja mara ya mwisho, Jumamosi mchana, sharti moja: kuwe na sufuria mbili, moja ya chumvi kidogo kwa upande wa bibi harusi, na moja ya chumvi ya kutosha kwa upande wa bwana harusi. Kila mtu ale chake kwa amani.

Jumamosi niliamka na nguvu mpya. Nikapika sufuria mbili za mchuzi, sufuria ya wali, kuku wa kutosha waonjaji na baba watoto. Na kwa kuwa nilikuwa na imani na harusi ya mwisho wa mwezi, nikafua vitambaa vyote vyeupe vya meza tulivyoazima, nikavianika uani, kamba hii hadi kamba ile, mpaka ua mzima ukawa mweupe pe.

Vitambaa hivyo, ndugu msomaji, ndivyo vilivyoniponza.

Waonjaji walifika, wakakaa pande mbili, wakapeana migongo. Shangazi alibeba sufuria zile mbili kuwapelekea, lakini alikuwa anazibeba akimtazama mjomba, na mtu anayemtazama mjomba hatazami sufuria. Ya chumvi nyingi akaiweka kwa Mama Kijiko. Ya chumvi kidogo akaiweka kwa mama wa bwana harusi.

Niliona. Nilifungua mdomo. Nikaufunga.

Mama Kijiko alionja, akatulia, akatabasamu. "Sasa mnaona chakula kisicho na fujo ya chumvi?"

Mama wa bwana harusi naye alionja, akaguna kwa raha. "Hapa sasa chumvi naisikia."

Wakageuziana nyuso. Wakasifiana nguo. Nilishusha pumzi iliyokuwa imenikaa kifuani tangu siku ya ugomvi, na kabla haijaisha kutoka, mlango ukafunguliwa.

Akaingia bibi harusi, amevaa gauni jeupe la kuburuza. Nyuma yake bwana harusi, amevaa suti ambayo mikono yake ilikuwa mirefu, vidole vikichungulia kama vinaogopa baridi.

"Mama, baba, na wote," akasema bibi harusi. "Tumeshafunga ndoa. Asubuhi hii, kwa msajili. Tumeona tukingoja mwisho wa mwezi mtagombana tena, safari hii juu ya pilipili."

Hakuna aliyetafuna. Bwana harusi akajaribu kujificha kwenye suti, na nafasi ilikuwapo.

Mama Kijiko alisimama. Akamtazama binti yake. Akatazama wali. Akatazama vitambaa vyangu vyeupe vinavyopepea kamba hadi kamba. Nikaona wazo likimwingia, linamwingia taratibu kama maji kwenye kiatu.

"Kumbe kila kitu kipo," akasema.

"Kitu gani?" akauliza mama wa bwana harusi.

"Maharusi si hawa? Wazazi si sisi? Chakula si hiki, cha moto? Na mapambo, hebu tazama, mpishi ameshapamba. Ukumbi wa nini tena?"

Mimi nikatikisa kichwa. Nilikuwa na maana ya hapana, lakini nilikitikisa kwa adabu, kikaonekana kama kinakubali.

"Mpishi amefurahi mpaka amekosa la kusema," akasema shangazi. Mjomba alikuwa amemshika kiwiko, na shangazi angekubali hata tuhamishie kwetu soko.

Mama Kijiko akatoa simu. "Njooni wote," akawa anaiambia simu moja baada ya nyingine. "Harusi ni leo. Hapa hapa kwa mpishi. Leteni viti."

Wakaja. Walikuja na viti vichwani, na watoto migongoni, na redio yenye spika kubwa kama kabati. Walikuja wa upande huu na wa upande ule, na wa upande usiojulikana. Jirani yetu ambaye hatujasalimiana tangu kuku wake aingie jikoni mwangu asitoke, naye alikuja, amevaa tai.

Nilipakua. Nilipakua vijiko vikubwa, nikapakua vidogo, nikapakua vya kuhesabu punje. Babu wa bibi harusi alileta sahani, akaileta tena, akaileta tena akisema ile ya kwanza ilikuwa ya mtu mwingine. Mwiko ukaanza kukwaruza chini. Mpishi yeyote akisikia mkwaruzo ule, damu humganda.

Sasa niwaambie siri ya kazi. Kuna maneno mawili ambayo watu wa sherehe hatuyatamki mbele ya wageni. Mpishi mkuu wa hoteli alitufundisha hivi: sufuria ikibaki ukoko mtupu, sema jiko limelipuka. Sema gari la chakula limepata pancha. Zimia, ukilazimika. Lakini ukitamka maneno yale, umejizika. Hakuna atakayekuita tena kupika hata chai ya msiba. Siku zote mimi nimeyatunza. Kwa mtu wa haya haikuwa kazi, maana hata mengine siyatamki.

"Shangazi," nikanong'ona jikoni. "Tazama."

Shangazi alichungulia kwenye sufuria kubwa. Akavaa miwani, akachungulia tena.

"Watu wamebaki wangapi hawajala?"

"Nusu."

"Nusu ya nani?"

"Nusu ya wote."

Shangazi alifikiri. Kisha akatia maji ya moto kidogo ndani ya sufuria ile tupu, akaifunika, akaizungushia taulo kama mtoto mchanga. "Shika huko. Tupite nayo mbele yao. Wageni wakiona sufuria inapita hutulia. Wakitulia tutapata akili."

Tukapita. Mvuke ukawa unatoka pembeni mwa mfuniko, wa kuaminika kabisa. Wageni wakanyoosha shingo.

"Kinakuja," akasema mtu.

"Kinakuja," akasema shangazi.

Tukapita mbele ya maharusi, tukapita mbele ya redio, tukazunguka nyumba, tukarudi jikoni kwa mlango wa pili. Akili haikuwa imekuja. Tukapita tena. Safari hii walipiga makofi. Mwanamke mmoja akamwambia mwenzake, "Hii ni sufuria ya pili. Watu hawa wamejiandaa."

Safari ya tatu mjomba aliinuka. "Wanawake wabebe mzigo na mimi nimekaa? Hebu lete upande wako, bibie."

Shangazi hakuwahi kukataa. Mjomba akaishika sufuria, akajikaza kuinua kitu kizito, na sufuria ikaruka juu kidogo ilivyokuwa nyepesi. Akaitazama. Akamtazama shangazi. Shangazi akamtazama yeye kwa macho ambayo sikujua kwamba anayo.

Mjomba akainama, akakunja mgongo, akaanza kuhema.

"Ni nzito hii," akawaambia watu. "Tupisheni jamani, ni nzito."

Nikajua huyu tayari ni mume wa shangazi yangu, imebaki kumwambia tu.

Tulipokuwa katikati ya ua, watu wamepisha njia, ndipo nilipoiona tai. Ndefu. Imesimama mlangoni, na meneja wa ukumbi akiwa nyuma yake.

"Nimepigiwa simu kwamba harusi yangu imehama," akasema. "Nimekuja kuona ukumbi ulionishinda ni upi. Naona kamba za nguo."

"Karibu, karibu sana," akasema Mama Kijiko, akamvutia kiti mbele kabisa, karibu na maharusi. "Wewe ulinituma nionje, nimeonja, nimeridhika mpaka nimeozesha. Mpeni mgeni wetu chakula."

Meneja alikaa. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Pale mfukoni mwa shati lake niliuona mkufu wa ufunguo ukining'inia.

"Hawa wameshakula?" akamuuliza shangazi.

"Wamepumzika kidogo."

"Mbona sahani zao ni safi?"

"Wamekula vizuri mpaka wamezisafisha."

"Na yule mtoto mbona ananyonya kijiko kikavu?"

"Ana meno yanaota."

Mimi na mjomba tukaanza kutambaa na sufuria yetu kuelekea pembeni ya nyumba.

"Hiyo isimame," akasema meneja.

"Hii ni ya upande wa pili," akasema shangazi haraka.

"Upande wa pili ni ukuta. Iletwe hapa. Sina haja ya kupakuliwa, nitajipakulia mwenyewe, na hawa wenzangu nitawapakulia."

Wageni waliposikia hivyo walipanga mstari kabla hatujaiweka mezani. Babu wa bibi harusi alikuwa wa kwanza. Sahani zikanyooshwa, pana, nyeupe, nyingi. Redio ikapunguzwa sauti ili watu wale kwa utulivu.

Meneja aliomba mwiko, akapewa. Akapeleka mkono kwenye mfuniko.

"Utaungua," akasema shangazi. "Ni ya moto mno."

Meneja akazungushia mkono ncha ya tai yake.

Shangazi alinisogelea sikioni. "Zimia."

"Zimia wewe."

"Mimi ni mkurugenzi."

"Shangazi, zimia."

Akazimia. Alizimia vizuri, polepole, akichagua upande, akaangukia kifuani kwa mjomba. Mjomba akampokea kama mtu aliyekuwa anamsubiri. Lakini hakuna aliyegeuka. Macho yote yalikuwa kwenye mfuniko.

Na mimi nikabaki peke yangu. Aliyekuwa akisema kwa niaba yangu maisha yangu yote alikuwa amefumba macho, amefungua tundu la sikio. Nilimtazama bibi harusi. Naye alikuwa kwenye mstari na sahani, gauni amelikusanya mkononi, siku ya harusi yake, hajala. Nikautazama mkono wa meneja. Mfuniko uliinuka unene wa kidole, mvuke ukampiga usoni, akafumba macho kidogo. Akiyafumbua tu, ataona maji.

Kitu kikanipanda kutoka tumboni. Nilidhani ni kutapika. Kumbe ilikuwa sauti.

"Chakula kimekwisha."

Meneja akaurudisha mfuniko, ila mkono hakuutoa. Watu wakatazamana kutafuta aliyesema, maana pale hapakuwa na mtu aliyewahi kuisikia sauti yangu.

"Kumbe huwa anasema?" akauliza Mama Kijiko.

"Rudia," akasema meneja.

Nikarudia.

"Chakula kimekwisha. Humu mna maji ya moto. Nilipika cha kuonja, ninyi mkaja harusini, na mimi nikaona haya kuwaambia."

Hakuna aliyeshusha sahani. Baba watoto alinitazama kama mtu anayeelewa kitu kwa mara ya kwanza. Shangazi, pale kifuani kwa mjomba, alifungua jicho moja, akanikonyeza ninyamaze, nimwachie yeye atengeneze.

Sikumwachia. Nilimtazama meneja usoni, kwenye macho yenyewe, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mwanaume wala mwanamke.

"Na jiko lako nalitaka," nikasema. "Asikwambie mtu mwingine. Nalitaka mimi."